Alichokisema Okochi Baleti Ilipokosa Maneno

Isaac Okochi alitafsiri filamu kwa miaka mingi bila mtu yeyote nje ya Busia kulijua jina lake. Jina lilipoanza kuvuka mpaka, ilimchukua asubuhi moja tu kutamani ardhi ipasuke immeze.

Kazi yake ni uvijei. Katika kibanda cha video cha Mzee Okware, upande wa Uganda, nyuma ya soko, yeye huketi ndani ya kijumba cha mbao kando ya skrini, akiwa na kipaza sauti na chupa ya maji ya uvuguvugu. Waigizaji wakianza kuongea, anapunguza sauti yao na kusema badala yao. Hatafsiri neno kwa neno. Hakuna vijei anayefanya hivyo akabaki na wateja. Huwapa waigizaji majina ya watu wa hapa, huwatukana wabaya, huwaonya wazuri, na kati ya risasi moja na nyingine hugombana na vijana waliokaa viti vya mbele. Mmarekani mwenye bastola akiingia benki, Okochi humwita Ochwo na kutangaza kwamba ametoka Sikuda alfajiri, hajanywa hata chai, kwa hiyo mtu asimchokoze.

Vijei wakubwa wa Kampala hufanya kazi yao kwa Kiganda. Okochi alichagua Kiswahili, kwa sababu kibanda chake hujaa watu wa pande zote mbili: wabadilisha fedha, waendesha bodaboda, matanboi, ndio utingo wa malori yanayongoja kuvuka, vijana wa Kenya waliokuja kununua sukari wakakuta mvua. Jina lake la kazi ni Vijei Radi. Ndoto yake ilikuwa kwamba siku moja mtu aliyekaa Mbale au Bungoma angenunua filamu si kwa sababu ya mwigizaji bali kwa sababu ya Radi. Aliitaka ndoto hiyo kwa kujificha, kama mtu mzima anayetamani peremende, na mtu pekee aliyeijua ni mkewe, Harriet Abbo, Japadhola kwa kabila, ambaye wateja wake wa omena sokoni humwita Mama Kate.

Jumatano ile ilikuwa siku ya soko na kibanda kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Filamu ya ngumi iliyotangazwa ubaoni ilikataa kufunguka. Mzee Okware alihangaika na kompyuta, akaipiga kofi, akaomba radhi, kisha akafungua faili la kwanza aliloliona katika mzigo uliotoka Tororo kwa Emoit, mwuza filamu anayejulikana eneo lote. Ilikuwa filamu ya zamani ya Kizungu, yenye rangi nzito kama za kalenda ya kanisa. Okochi hakuwa ameitazama. Ana mazoea ya kuitazama kila filamu kabla ya kuifanyia kazi, na sasa vinanda vilikuwa vimeshaanza.

Mwanzoni alijikongoja. Kulikuwa na msichana wa baleti, kulikuwa na mwalimu wa dansi mwenye fimbo, kulikuwa na mchoraji maskini aliyempenda msichana. Okochi alimpa mwalimu jina la Ofumbi na watu wakacheka kidogo. Kisha waigizaji wote wakanyamaza. Msichana alitoka jukwaani akiwa na sketi nyeupe, akainuka juu ya ncha za vidole vya miguu, akaanza kucheza. Hakusema neno. Hakuna aliyesema neno. Dansi ikaendelea, na vijei hana cha kutafsiri.

"We vijei, hii ni sinema ama ni matanga?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Huyu mama nacheza tu, hapana ongea?"

"Radi, leo umeishiwa!" Huyo alikuwa tanboi wa Kenya, miguu juu ya kiti cha mwenzake. "Hii ni nini sasa? Si utuwekee mechi bana!"

Viti vikaanza kusogezwa. Mzee Okware alichungulia kijumbani, uso umejaa jasho, akamfanyia Okochi ishara kwa mkono: sema kitu, sema chochote. Okochi akasogeza kipaza sauti.

"Tulieni, tulieni. Mnamwona huyu? Mnadhani ni Mzungu. Huyu ni mke wangu, Abbo."

Viti vikatulia.

"Kweli tupu. Hii hii iko nyumbani kwangu, na hakuna tiketi. Mchana, mlango wa jiko umefungwa, mama amesimama kwa vidole, ungo kichwani, anazunguka sufuria. Ngoma hakuna! Redio hakuna! Ugali unaungua, yeye anazunguka! Nikamuuliza, Mama Kate, wewe ni Japadhola ama wewe ni feni?"

Kibanda kililipuka. Okochi alikuwa amechekesha watu maisha yake yote lakini hakuwahi kusikia kicheko cha aina hiyo, kicheko kinachopanda ukutani na kurudi. Tanboi alikuwa amelala juu ya mapaja ya jirani yake, anapiga mbao kwa ngumi. Tangu hapo, kila msichana alipoinuka kwa vidole, watu walipiga kelele kabla ya vijei kufungua kinywa: "Feni! Feni!" Okochi akawapa feni. Akawapa feni iliyokatiwa umeme, feni ya Japadhola, feni iliyoolewa na Msamia kama yeye. Filamu ilipokwisha, watu walibaki vitini, na kijana mmoja alipita dirishani kumshika mkono. Mzee Okware, ambaye hurekodi kila onyesho, alikuwa tayari anainakili rekodi ya siku ile.

Aliyoyasema yalikuwa kweli, isipokuwa jambo moja.

Mwaka uliotangulia, Abbo alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Walimzika nyumbani kwa baba yake Okochi, huko Sikuda, bila jina. Shangazi yake Okochi, mwanamke ambaye hakuna anayethubutu kumpinga, alimkalisha Abbo chini na kumwambia asilie tena, kwamba machozi yake yatamfuata mtoto ajaye. Abbo alitii. Alirudi sokoni, akapima omena, akajibu salamu. Watu wakamsifu kwa moyo mgumu.

Kisha siku moja Okochi alirudi nyumbani mchana kuchukua waya wa spika, akakuta mlango wa jiko umefungwa. Alichungulia kwenye ufa. Abbo alikuwa ameinuka juu ya vidole vya miguu, macho yamefumbwa, anazunguka polepole kandokando ya moto. Ungo haukuwa kichwani. Alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Abbo alimsikia, akaacha. Hakukasirika. Alikuwa mcheza ngoma hodari alipokuwa msichana kwao Kisoko, na alizungumza jambo lile kama fundi anavyoeleza kazi.

"Nikisimama hivi, nyayo chini, ananilemea," alisema. "Nikiinuka, anakuwa mwepesi. Kidogo tu. Usimwambie mtu, Baba Kate."

"Nimwambie nani?" Okochi alimjibu.

Ndiyo maana jambo analolirudia kichwani si kwamba alisema. Ulimi huteleza, watu wengine wangemsamehe kwa hilo, na pengine hata yeye angejisamehe. Ni kwamba katika sekunde ile, mbele ya kipaza sauti, viti vikisogezwa, aliuona ungo kifuani mwa mkewe, akajua hautachekesha, akauhamishia kichwani. Hakukosea. Alihariri.

Alhamisi asubuhi Abbo alikwenda sokoni kama kawaida. Mzigo wa omena ulikuwa umefika kutoka Majanji na wanawake walikuwa wakigawana. Dorcas, anayeuza karibu naye, alimwona anakuja, akainuka kwa vidole na kuzungusha beseni kichwani.

"Mama Kate! Tuwashie feni, joto limezidi!"

Wengine wakaangua kicheko. Abbo alicheka pia, kwa adabu, bila kujua anacheka nini. Ndipo Dorcas alipotoa simu. Sauti ilikuwa ndogo na yenye mikwaruzo, lakini mtu hawezi kukosa kuijua sauti anayolala nayo. Abbo aliisikiliza mpaka mwisho. Akamrudishia Dorcas simu, akasema asante, akaendelea kupima. Aliuza omena mpaka ikaisha.

Okochi alikuwa uani, anarekebisha kiti, alipomwona anaingia. Alijua kabla hajasema. Alikuwa ametayarisha maneno: kwamba watu walitaka kutoka, kwamba Mzee Okware alikuwa akitoka jasho, kwamba ni utani, kwamba waume wote hutania wake zao. Abbo hakuuliza lolote la hayo. Alitua beseni.

"Baba Kate, ungo ulikuwa wapi?"

"Ungo gani?"

"Siku ile. Niliushika wapi?"

Okochi aliangalia kiti.

"Umesema kichwani," Abbo alisema. "Nimesikia mwenyewe. Nikajiuliza, labda nimesahau. Labda ulikuwa kichwani."

"Haukuwa kichwani."

"Sawa." Akalisukuma beseni ukutani. "Uitoe. Popote ilipo, uitoe."

"Nitaitoa," alisema Okochi. "Kweli, Mama Kate. Nitamwambia mzee aifute leo."

Na alimwambia. Mzee Okware aliifuta mbele yake, kwa kidole kimoja, huku akisikitika. Lakini kufikia hapo ilikuwa imeshaingia kwenye flashi za matanboi na simu za waendesha bodaboda, na mmoja wao alikuwa ameifikisha Tororo.

Siku chache baadaye Emoit alikuja mwenyewe. Ni mtu mnene, mpole, ambaye huongea na kila mtu kana kwamba wamesoma pamoja. Alimkuta Okochi nje ya kibanda, akamshika bega.

"Radi, ndugu yangu. Umekaa hapa Busia unajificha na kitu kama hiyo? Mimi watu wananiuliza dukani, 'Iko ile ya feni?' Mzee mzima, Mtesoti mwenzangu, namuuzia filamu ya vita, anakataa. Anataka baleti! Wewe umewahi kuona Mtesoti anataka baleti?"

Okochi alicheka kabla hajajizuia.

"Ile sauti yako imejaa makelele ya watu. Njoo Tororo, iko chumba kizuri, tunarekodi safi, filamu nzima. Inakwenda Mbale, inakwenda Soroti, inavuka Malaba inaingia Kenya. Juu yake tunaandika jina lako. Kubwa."

"Ile sehemu ya mke wangu naitoa," alisema Okochi.

Emoit alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ukitoa hiyo, inabaki nini?"

Okochi alikwenda Tororo. Aliendelea kujiambia kwamba anakwenda kuhakikisha kosa linasahihishwa: kwamba toleo jipya, safi, lingelifukuza lile la zamani sokoni. Hoja hiyo ilikuwa na akili ndani yake na aliing'ang'ania njia nzima. Kwa Abbo alisema anakwenda kutazama spika.

Chumba cha Emoit kilikuwa nyuma ya duka, kuta zimebandikwa magodoro ili sauti isitoroke. Kwa kuwa sasa hapakuwa na watu wa kuharakisha, Okochi aliomba aitazame filamu yote kwanza bila kusema, kama inavyopasa. Emoit akamwachia, akaenda kuhudumia wateja.

Kwa hiyo aliiona, kwa mara ya kwanza, filamu aliyokuwa amejipatia jina nayo. Msichana alikuwa ameolewa na yule mchoraji. Walikaa katika chumba kidogo juu ya duka la mikate. Kila siku, akitoka mazoezini, alivua viatu, na vidole vyake vilikuwa vibichi, vimechubuka, kucha zimeng'oka. Hakuna aliyevijua vidole hivyo isipokuwa mumewe, ambaye alivikanda kwa maji ya chumvi. Mumewe alikuwa amechora kwa miaka, hakuna aliyenunua. Siku moja, mkewe akiwa amelala, alichora vidole vile. Picha ilikuwa nzuri. Akachora nyingine. Katika jumba kubwa lenye taa, mabwana na mabibi walisimama wakiwa na glasi mikononi mbele ya miguu ya mwanamke yule, miguu mikubwa kama milango, na mchoraji akiwa na suti mpya akawaonyesha kwa kidole hapa na pale. Mke akaingia. Alikuwa amemnunulia maua. Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, akauficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, ingawa alikuwa amevaa buti.

Okochi alisimamisha filamu hapo. Alikaa akiitazama ile picha ya mke aliyeficha mguu. Alihisi joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Katika kibanda, sehemu hiyo hiyo, alikuwa amesema feni imeingia dukani kutafuta plagi.

Emoit akarudi na chai. Akaangalia skrini.

"Hapo!" alisema. "Hapo ndipo unatia ile ya bibi yako. Watu wanakufa!"

Mtu anayesimulia maisha ya Okochi angependa kuandika kwamba alisimama, akaaga, akapanda gari la kurudi Busia. Alikunywa chai. Alimwambia Emoit kwamba jina la mke wake halitatajwa, hilo ni sharti, na Emoit akakubali haraka sana. Kisha akavaa vipokea sauti na kurekodi filamu nzima, na palipokuwa na Abbo akasema "mke wa jirani yangu". Ungo aliuacha kichwani. Feni aliiacha. Alipofika kwenye jumba lenye taa, sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Ni fundi, na siku hiyo alikuwa katika kilele cha kazi yake. Emoit alitokwa machozi kwa kucheka. Njiani kurudi, Okochi alijihesabia kwamba ameshika ahadi. Jina ameliondoa. Kufikia kituo cha magari cha Busia hakuamini tena neno moja la hesabu hiyo, lakini kazi ilikuwa imeshabaki Tororo.

Hakuna aliyedanganyika. Busia nzima ilijua jirani ni nani. Filamu ilitoka na karatasi ya rangi, jina VIJEI RADI likiwa kubwa kuliko la mwigizaji, na chini yake, kwa maandishi ya njano, "Feni Orijino". Watu asiowajua walimpigia honi barabarani. Mtu alipiga simu kutoka Soroti kumsalimia tu. Ilikuwa ndoto yake yote, imefika bila kupungukiwa na kitu, na alipita nayo mitaani akiinamisha kichwa kama mtu aliyeiba kuku.

Abbo hakugomba. Aliona karatasi ile imebandikwa kwenye ukuta wa duka la kuchaji simu, akaisoma, akarudi nyumbani. Alichofanya ni kwamba aliacha kufunga mlango wa jiko. Sasa ulikuwa wazi mchana kutwa, na mtu yeyote aliyepita aliweza kumwona: amekaa juu ya kigoda, nyayo zote mbili chini, anachambua mchele. Okochi alipita pale zaidi ya ilivyomlazimu. Hakumkuta amesimama hata mara moja.

Abbo alipofiwa na baba yake mdogo huko Kisoko, alifungasha nguo zake na za binti yao Kate. Zilikuwa nyingi kuliko nguo za matanga. Okochi aliziona na hakuuliza.

Mkwe hawezi kukosa matanga ya upande wa mkewe. Okochi alifika Kisoko siku ya kumaliza matanga, mchana, akiwa na sukari na shuka kama inavyotakiwa, na shati lililopigwa pasi vibaya. Turubai zilikuwa zimefungwa, ngoma zinapimwa juani, na kulikuwa na mshereheshaji mwenye spika mbili na koti la kung'aa. Mama mkwe wake, Leonida, alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake. Kwa heshima ya mkwe hakumtazama. Aligeuka upande, akaendelea kupanga sahani, na Okochi akasimama mbali kidogo, macho chini.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Tumepoa. Umefika salama?"

"Nimefika."

Sahani ziligongana. Okochi alidhani salamu zimekwisha.

"Ile filamu yako waliiweka hapo kwenye kibanda cha Okedi," Leonida alisema, bado amempa mgongo. "Wanawake tulikwenda. Mimi pia nilicheka, mkwe wangu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikujua ungo ule ni yule mtoto."

Okochi alitua sukari chini.

"Abbo akaniambia nilipofika nyumbani. Nikiwa bado nafuta machozi ya kucheka." Alisimamisha mikono. "Sasa mimi na binti yangu tunalala chumba kimoja na ninaona haya kumtazama. Na mimi nimemzaa."

Akabeba sahani akaingia ndani. Okochi alibaki amesimama juani. Alikuwa amefikiri aibu ile ni yake peke yake.

Alikuwa hajapata mahali pa kukaa mshereheshaji alipomtambua.

"Eeh! Eeh! Mabibi na mabwana, macho yangu yananidanganya ama huyu ni Vijei Radi? Mkwe wetu mwenyewe! Radi, njoo hapa! Watu wa Kisoko, mnataka nini?"

"Feni!" vijana wakaitikia chini ya turubai. "Feni! Feni!"

Mtu alimsukuma mgongoni, kwa upendo, mwingine akamvuta, na kipaza sauti kikawa mkononi mwake. Kilikuwa kizito kuliko chake. Watu walikuwa wengi kuliko wanaojaa kibandani, na wote walikuwa wametayarisha nyuso zao kucheka.

Hapo Okochi alijua atakalofanya. Alikuwa amelifikiria usiku na mchana tangu Tororo bila kujua analifikiria. Angesema ukweli. Angewaambia, hapa hapa, mbele ya ndugu wote wa Abbo, ungo haukuwa kichwani. Angewaambia ulikuwa wapi na kwa nini, na kicheko kile kingekatika kama kamba, na wote wangemtazama Abbo kwa namna nyingine. Yeye Okochi angelia, ikibidi. Sentensi ya kwanza ilikuwa tayari mdomoni, na alihisi jinsi ilivyokuwa nzuri, jinsi ambavyo ingewashika.

Alimtafuta Abbo kwa macho. Alikuwa kando ya turubai na jagi la maji na beseni, ananawisha wageni mikono kabla ya chakula. Alikuwa amesimama, anamtazama. Miaka waliyoishi pamoja ilimtosha kujua sentensi ipi iliyokuwa inakuja. Hakutikisa kichwa. Alitua jagi chini taratibu, akashika mikono yake mbele, na kusubiri, kama mtu aliyeambiwa atachapwa na ameamua hatakimbia.

Okochi aliona kwamba angeichukua huzuni ya mkewe mara ya pili. Mara ya kwanza aliichukua ili wacheke, na sasa angeichukua ili walie, na mara zote mbili ingekuwa vizuri sana, na ingekuwa yake.

"Sina neno," alisema kwenye kipaza sauti. "Poleni na msiba."

Akamrudishia mshereheshaji. Vijana wakaanza kuzomea.

"Kumbe bila filamu ni bubu!"

"Radi gani hii haina mvua?"

"Mkwe ameogopa mama mkwe!" mshereheshaji akasema, akijaribu kuokoa mambo, na hapo watu wakacheka kidogo, si sana. Shemeji mmoja alimsogezea Okochi kiti bila kumwangalia usoni. Okochi alikaa. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Angeweza bado kusimama na kueleza kwa nini amenyamaza. Kila sekunde aliyokaa ilikuwa ni kuacha kueleza.

Abbo aliendelea na mstari wake wa wageni. Alimnawisha mzee wa kwanza, wa pili, mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa. Alipofika kwa Okochi aliinama kama alivyoinamia wengine, akamsogezea beseni, akamwagia maji.

"Ulitaka kusema," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Ungetua mzigo, ukapumua."

"Ndiyo."

"Najua." Maji yalikuwa yanapita kati ya vidole vya Okochi. "Basi kaa na neno hilo hivyo hivyo. Hata mimi nimekaa nalo."

"Mama Kate, turudi nyumbani."

"Kate arudi shule Jumatatu. Utamchukua kesho." Aliinua jagi. "Mimi bado."

"Mpaka lini?"

Mgeni aliyefuata alikuwa ameshanyoosha mikono. Abbo akahamia kwake. Nyuma ya nyumba ngoma zilianza, wanawake wakatoka mmoja mmoja uwanjani, na binamu yake Abbo, aliyewahi kucheza naye zamani, akamwita kwa jina la utotoni, akimwonyesha nafasi iliyoachwa katikati. Abbo alimpungia mkono wenye jagi, akatabasamu, akasema ana kazi. Okochi alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa mstari, nyayo zake zote mbili chini, anamnawisha kila mtu.